Mikono ya Ukutani

Jumatatu, 7 Oktoba

Shajara hii nilipewa bure na duka la mbegu mwezi wa kwanza, nikaitupa kabatini, na sasa ndiyo naifungua mwaka umebaki mkia. Naandika Kiswahili kwa sababu Kimeru changu kinachekwa hapa Timau na Kimbeere changu hakuna wa kukisikiliza. Kiswahili nilipata A kule sekondari Siakago na mpaka leo sijaona kazi yake. Wacha nikitumie.

Mimi ni Wawira. Mume wangu Kinyua ni dereva wa lori la maji huko Marsabit, tunamwona mwisho wa mwezi. Tangu Agosti niko hapa kwa baba yake, mzee Kailemia, ambaye alianguka kutoka juu ya kiti akavunjika bega la kulia. Mama mkwe, mama Kagwiria, alifariki mwaka jana, kwa hivyo mzee hana mtu. Nilifunika cherehani yangu kule Kinoru, Meru mjini, ninakoshona nguo, nikawaambia wateja nitarudi baada ya wiki mbili. Wamenisahau sasa.

Alipanda kitini kufanya nini? Kutundika mkono. Sebuleni hapa ukuta mzima ni mikono, vile vijiti vyenye vidole mwishoni, vya kujikunia mgongo. Wa mianzi, wa pembe, wa mfupa, wa chuma unaorefuka kama eriali ya redio, wenye makucha ya dubu, wenye kichwa cha simba. Mzee aliendesha wageni wa kambi ya watalii karibu maisha yake yote, na kila mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwomba kitu kimoja tu: ukifika, nitumie mkono. Wakatuma. Wengine wakaongeza na upuuzi mwingine: kioo cha mviringo ukikitikisa theluji inaanguka ndani, kalamu yenye mashua inayoteleza, kengele, vijiko visivyotosha hata sukari ya mtoto. Kila kimoja kina kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, jina la mgeni na mwaka. Na kila kimoja kinashika vumbi, na vumbi hilo ni langu.

Wifi yangu Beth, dada yake Kinyua, amepiga simu kutoka Ruiru. Anasema Krismasi akija atamchukua baba akaishi naye, kwenye fleti, ghorofa ya nne. Mzee hataki hata kusikia. Mimi nilisema amina. Naandika ukweli, nilisema amina kwa sauti.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua hakuna. Nimepanguza mikono yote. Mzee alisimama nyuma yangu akisema taratibu, huo ni wa Kanada.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nikifua nimeona damu kwenye shati la mzee, mgongoni. Si nyingi, vidoa vidoa. Nikatazama shati la juzi, vilevile.

Baadaye nikiwa zizini nikamwona. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango wa ghala, anajisugua juu chini, macho ameyafumba. Ngozi ya uzeeni na baridi ya Timau havipatani, inakauka inawasha. Mkono wa kulia hauinuki, wa kushoto una yabisi. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, naiona mezani, mrija umejaa vilevile. Ataipakaje mgongoni?

Nilirudi nyuma asinione. Ile heshima ya kuepukana kati ya mkwe na mkwe kwetu tunaiita thoni, hapa wanaiita nthoni, na ni kitu kimoja: mimi ni mke wa mwanawe. Chumbani kwake siingii, kiti chake sikikalii, na mgongo wake siuoni, sembuse kuugusa. Nikiuona ni aibu yangu na yake, nikiugusa ni kosa la kutolewa kondoo mbele ya wazee. Mama yangu alinifundisha hayo kabla hajanifundisha kupika.

Jioni nikamwambia kwa mbali, nikitazama sufuria, kwamba mtu mwenye mikono mingi hivyo ukutani si mtu wa kuwashwa. Akasema ile si ya kukunia. Basi ni ya nini? Akaongeza sauti ya redio. Mkaidi huyu, na mwanawe alimrithi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeenda Kinoru kuona cherehani yangu. Panya walikuwa wamenitangulia. Sokoni, kwenye banda la mabeseni, nikaona mkono wa plastiki, rangi ya waridi, mbaya mpaka ulinichekesha. Nikaununua. Nikajisemea huu si wa Kanada wala wa Ujerumani, huu hauna wenyewe, atautumia.

Nikamwekea mezani. Mzee aliugeuza, akaupima uzito, akanyoosha vile vidole vya plastiki kimoja kimoja. Macho yakamng'aa kama mtoto. Akaniuliza nimeupata wapi, kwa nani, na mwenye banda anatoka upande gani. Nikafurahi, nikaenda kukama.

Niliporudi, ulikuwa ukutani. Amemwita jirani amtundikie. Kikaratasi kimeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zinayumba: Kinoru, kutoka kwa Wawira.

Nilikasirika. Halafu nikakisoma tena.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Hatimaye.

Jumamosi, 2 Novemba

Kinyua alikuja juzi na ameondoka leo. Alimwogesha baba yake, akampaka dawa, akatoka bafuni uso umemshuka. Akaniambia mgongo umeharibika, amejichuna kwa ule mwimo wa ghala. Akamwomba mzee, akiwa mlangoni na begi mkononi, aniruhusu mimi niwe nampaka mpaka yeye arudi. Mzee akajibu kwamba hajafika hapo, na siku akifika hapo wamchimbie.

Kinyua akanitazama kana kwamba nina jibu. Nikamwambia aende, lori la maji halijiendeshi.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Njegere zinaoza shambani. Runji amekuja na viatu vya gambuti na mwavuli uliovunjika.

Huyu Runji ni rafiki wa mzee wa miaka na miaka, anauza vinyago pale kwenye kibao cha Ikweta, barabara ya Nanyuki. Walikaa sebuleni wakazunguka ukuta wote kama watu walio kanisani, wakisimama kila mahali. Mzee anasimulia, Runji anasikiliza habari anazozijua. Huu ulitumwa na mama mmoja wa Uskoti aliyeogopa twiga. Huu uliletwa na daktari aliyerudi baada ya miaka kumi akiwa na mke mwingine.

Wakati wa kumsindikiza Runji mpaka barabarani nikamuuliza. Kwa nini mtu anawashwa hadi kutoka damu na nyumbani kuna mikono ya dunia nzima? Runji alisimama kwenye matope. Aliniambia mzee hajawahi kukunwa na hata mmoja. Mambo yalianza hivi: kila usiku, tangu waoane, alikuwa akimgeuzia mama Kagwiria mgongo, na mama alikuwa akilalamika, ati nimeolewa nikune mtu. Mzee akamletea mkono wa kwanza kutoka kazini, utani, akamwambia haya, pumzika. Mama akautazama, akautundika msumarini, akamkuna kwa mkono wake. Mzee akaleta wa pili. Ukatundikwa. Ikawa ndiyo mchezo wao, maisha yote. Yeye analeta, mama anatundika, kisha anamkuna.

"Sasa wewe unataka ashushe mmoja ajikune nao," Runji akasema. "Hiyo ni kukubali kwamba mama amekufa."

Nimerudi nimepanguza mikono yote, na haikuwa na vumbi.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Mzee amekula kidogo. Hakai akaegemea, anakaa wima kama mtu aliye benki.

Jumatano, 13 Novemba

Leo wacha niandike polepole.

Mvua haijakatika tangu jana. Daraja la chini limefunikwa na maji, bodaboda hawapiti, nimewapigia watatu na wote wanasema mama ngoja yapungue. Asubuhi mzee hakuamka kuwasha redio yake kama kawaida. Alipotoka chumbani alikuwa amevaa koti juu ya koti, na meno yanagongana. Akakaa kwenye kiti chake, akainama mbele, akalaza paji la uso kwenye mto aliouweka juu ya meza. Nikampa uji, akasukuma. Nilikuwa naisikia harufu nikiwa mlangoni. Mtu aliyelea watoto anaijua harufu ya kidonda kilichoingia usaha.

Nikampigia nesi Winfred wa zahanati. Akasema huo mgongo uoshwe sasa hivi kwa maji ya chumvi, upakwe dawa, yeye atafika mto ukishuka. Akaniuliza kuna nani nyumbani. Nikasema mimi. Akasema basi mwoshe huyo baba, unangoja nini? Winfred ni msichana wa Chuka, thoni iko hata kwao, anajua ninangoja nini, lakini alikata simu.

Nikampigia Kinyua, hapatikani. Nikatoka uani nikasimama chini ya upenu nikimwita jirani, mvua juu ya mabati ikameza sauti yangu. Nikalia kidogo, si kwa huzuni, kwa hasira. Hasira na mzee, na Kinyua, na mama Kagwiria aliyetangulia, na hata wageni wote wa Kanada.

Niliporudi ndani mzee alikuwa amelala palepale mezani. Anapumua kwa nguvu. Makoti yalikuwa yamemteleza upande mmoja, na shati limenata mgongoni. Nikamwita, baba. Kimya. Nikamwita tena. Kimya.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilijiambia hivi: mtu aliyelala haoni aibu, na kisichoonwa hakikutendeka. Nikapasha maji, nikatia chumvi. Nikaleta kitambaa kipya nilichokuwa nimekikatia mapazia. Nikapandisha shati taratibu, nikililowesha pale liliponata.

Nilikuwa naogopa mgongo huo kana kwamba utaniuma. Ni mgongo tu. Mwembamba, mabega yamepinda, uti unahesabika, na pale katikati, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, kidonda. Nikaosha. Nikafuta usaha. Nikapaka dawa kwa vidole vyangu, maana pamba ilikuwa inamkwaruza. Na nikiisha kupaka, pembeni, pale penye ngozi nzima iliyokauka na kuwasha, vidole vikaanza vyenyewe kumkuna. Polepole. Sikuviambia.

Mzee akashusha pumzi ndefu sana. Nikashtuka nikatoa mkono. Lakini hakuamka.

Nikamshushia shati, nikamrudishia makoti, nikamwaga maji mbali, nyuma ya zizi, kama mwizi. Nimefanya kosa la kondoo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, sawa, lakini sina wa kumwambia.

Alhamisi, 14 Novemba

Homa imepungua. Mzee ameamka, ameomba chai. Hajanitazama. Mimi sijamtazama. Ng'ombe ndiye anayetutazama wote wawili.

Jumamosi, 16 Novemba

Mto umeshuka, Winfred amefika. Amemchoma sindano, amemtazama mgongo chumbani mlango umefungwa. Alipotoka alisema kidonda kimeoshwa vizuri, nani ameosha? Nikaanza kukusanya vikombe. Mzee akajibu kutoka ndani kwamba amejiosha mwenyewe, kwa kutumia mmoja wa ile mikono ya ukutani, amefunga pamba. Winfred akasema ah, kumbe ina kazi. Akaagiza apakwe kila siku.

Ukuta wote niliutazama. Hakuna mkono uliokuwa na pamba. Hakuna hata mmoja uliosogea.

Jumatatu, 18 Novemba

Leo baada ya chakula cha mchana mzee amelala tena palepale mezani, paji la uso juu ya mto. Makoti ameyatundika. Shati limetoka nje ya suruali.

Mzee huyu hajawahi kulala mchana. Siku zote husema kulala mchana ni kazi ya paka.

Nimepasha maji.

Jumanne, 19 Novemba

Amelala.

Jumatano, 20 Novemba

Nilichelewa zizini leo. Nikiwa ningali na ndoo nikamsikia anakohoa sebuleni. Akanyamaza. Akakohoa tena, zaidi. Nikaja nikachungulia, amelala fofofo.

Mtu aliyelala hakohoi kuwaambia watu amelala. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi za jikoni, nimeshika mdomo kwa kanga. Halafu nikaenda nikaosha mikono. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Sitamwamsha mimi, hata akikoroma kwa uongo.

Jumapili, 24 Novemba

Kidonda kimefunga. Ngozi changa imeanza, rangi ya chai. Dawa yenyewe sasa ni ya dakika moja, lakini kukuna hakuishi upesi. Nampaka, namkuna, na nikiwa pale namweleza habari. Namwambia mtu aliyelala kwamba waru, hivi viazi vyetu, zimepanda bei, kwamba jirani ameuza ndama, kwamba nilikuwa nataka aende Ruiru na sasa sitaki. Hilo la mwisho nilisema kwa sauti ndogo.

Ndiyo. Sitaki aende. Ghorofa ya nne, mikono yake kwenye katoni, na mtu wa kulipwa anayemsugua kwa glavu. Atamaliza miezi mingapi?

Jumamosi, 30 Novemba

Binti yetu Beverlyne amefunga chuo Meru, yuko nyumbani. Jina lake la kienyeji ni Kagwiria, la nyanya yake, kwa hivyo mzee anamwita mke wangu na kumdai ugali. Nyumba imechangamka. Kucha za Bev ni ndefu hata sahani zinamshinda kuosha. Analala mpaka saa nne.

Mzee na mimi tumekuwa tukingoja Bev aende dukani ndipo usingizi umshike mzee.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekufa.

Bev aliambiwa aende kwa jirani kuchukua mbegu. Hakwenda, alikuwa barazani akipiga picha mikono ya ukutani kupitia dirishani, ati ni nzuri, ati ukuta wa guka, yaani babu yake, unapendeza. Akampelekea shangazi yake Beth. Kwenye pembe ya picha nipo mimi, mkono wangu umeingia ndani ya shati la mzee.

Bev mwenyewe hakuona ubaya. "Aki mum, sikujua. Si ulikuwa unamsaidia tu?" Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Watoto hawa hatukuwafundisha thoni, tuliwafundisha Kiingereza.

Jumamosi, 7 Desemba

Beth amepiga. Sitaandika yote. Alisema mimi ni mke wa ndugu yake na mgongo wa baba yake si wangu. Alisema nimesubiri mama afe nimwaibishe baba kwake mwenyewe. Alisema amekwisha tafuta mtu wa kumhudumia, mwanamume aliyesomea, na Krismasi ikiisha wanaondoka na baba, na jambo langu litazungumzwa mbele ya watu.

Huyu anakaa Ruiru, anakula pizza, anaogesha mbwa kwa shampuu, na ndiye anayejua mila kuliko sisi tunaoishi nazo. Lakini sikumjibu. Ana haki. Nilijua nilichokuwa nafanya.

Jumapili, 8 Desemba

Mzee amelala baada ya kula. Nimekaa jikoni.

Jumatatu, 9 Desemba

Amelala. Amekohoa. Sikuenda. Mkono wangu ukionekana tena pale hata mara moja, Beth ana neno la kusema na mzee hana la kujibu. Nikamtuma Bev kwa mara ya kwanza ampake babu yake dawa, mjukuu hana thoni. Alirudi akasema guka ameamka akamwambia anaendelea vizuri, asijisumbue.

Jumatano, 11 Desemba

Amelala mezani mpaka ikawa jioni, mto chini ya uso, shati nje. Nimekaa jikoni nikichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Nilimsikia akikohoa, na baadaye hakukohoa tena. Mungu anisamehe, hilo la pili liliniumiza zaidi.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua imekatika. Leo kwenye shati, kidoa kimoja.

Jumanne, 24 Desemba

Kinyua, aliyenyimwa ruhusa mwisho wa Novemba, amefika usiku wa jana. Nimemweleza kila kitu kabla hajavua viatu. Akaniuliza kama baba yake alipona. Nikasema alipona. Akasema basi. Lakini mbele ya dada yake sijui atasema nini, Kinyua kusema si kipaji chake.

Beth amefika kwa gari lake. Amenisalimia kwa mkono, si kwa kukumbatia. Ameleta katoni tupu, amezipanga chini ya ukuta.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisa. Mbuzi. Watu wamecheka. Mimi nilipika.

Ijumaa, 27 Desemba

Tumekaa sebuleni asubuhi. Mzee kitini, Kinyua, Beth, Bev mlangoni, na Runji aliyeitwa kama rafiki wa mzee, maana jambo la thoni halizungumzwi bila mtu wa nje. Mimi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, kichwa chini.

Beth alisema vizuri, lazima nikubali. Hakunitukana. Alisema baba ni mzee, anahitaji mtu, hapa hakuna mtu wa kumgusa kwa heshima na ndiyo maana imefika mahali pa aibu. Alisema anajua Wawira alichoka na hakukusudia, lakini alimshika baba akiwa amelala, hajui, hana uwezo wa kukataa. Akasema, mama angekuwepo.

Kinyua akainuka akamletea dada yake maji.

Runji akamtazama mzee, akasema kwa upole kwamba mila iko wazi, mwenye kuvunja nthoni hutoa kondoo, mambo yakaisha. Mume wangu angenitolea. Nikaanza kusema ndiyo, tutatoa, na nikaona machozi yanaanguka kwenye malapa yangu. Sikulilia kondoo. Nilikuwa nazitazama zile katoni.

Mzee akanyanyua mkono wa kushoto, ule unaoweza.

"Sikuwa nimelala," akasema.

Beth akauliza nini, baba.

"Siku ile ya mvua sikuwa nimelala. Na siku zile zingine zote sikuwa nimelala." Hakumtazama mtu. Alikuwa anautazama ukuta. "Wawira aliniheshimu. Mimi ndiye nilimdanganya, kila siku nikifunga macho. Mama yenu alipokwenda nilikaa mwaka mzima hakuna mtu aliyenigusa, ila kunisalimia kwa mkono kanisani. Nikaona heri nidanganye. Kama kuna kondoo, anatoka kwa aliyekosa. Kinyua, mfunge yule kondoo dume wangu wa nyuma."

Nimekaa nyumba hii miezi na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Mtu mzima, dereva aliyeheshimiwa na Timau nzima, amesema mbele ya binti yake na mjukuu wake kwamba alikuwa anajifanya amelala ili akunwe mgongo. Masikio yalikuwa yamemwiva. Ningekuwa na uwezo ningemfunika kwa kanga.

Beth alikuwa analia. Akamuuliza kwa nini hakumwambia yeye, mtoto wake wa kumzaa, kwamba yuko hivyo.

"Ningekuambia," mzee akasema, "ungekuja na gari."

Runji ndiye aliyecheka kwanza. Halafu Beth, katikati ya kilio. Aliinuka akaja mpaka kwenye kigoda changu, nikafikiri anakwenda jikoni, akapiga magoti akaniwekea kichwa mapajani. Hakusema pole wala nini. Alisema tu kwamba tangu mama afe hajui akija nyumbani anakuja kwa nani. Nikamwambia uje kwangu, mjinga wewe. Ndivyo nilivyomwambia, mbele ya watu, mjinga.

Kondoo amechinjwa. Runji amesema yaliyo ya kusemwa: tangu leo mkono wangu si wa aibu. Mzee amekula mafuta mpaka nikamnyang'anya.

Jumapili, 29 Desemba

Beth ameondoka peke yake. Katoni moja imetumika: mzee amemwambia achague mikono anayotaka akaitundike Ruiru. Ilichukua jana kutwa, kwa sababu kila alioushika ilibidi asimuliwe. Ule wa waridi wa Kinoru aliugusa, mzee akasema huo hapana.

Jumamosi, 4 Januari

Shajara ya duka la mbegu imeisha kurasa, naandika nyuma ya jalada. Kinyua amerudi Marsabit, Bev amerudi chuo. Jua kali, baridi kali, Timau yetu. Nimemwambia Kinyua akija aipakie cherehani kwenye lori aniletee huku, watu wa hapa nao wanavaa nguo.

Mchana mzee alisogeza kiti chake kutoka mezani, akakileta mpaka penye jua, karibu na mlango wa jikoni. Akakaa kinyumenyume, kifua kwenye egemeo, macho wazi. Nilikuja nikapandisha shati, nikaweka mkono. Akaruka. Akaniambia mikono yangu ni baridi kama maji ya mto, mtu anawezaje kukunwa na barafu. Nilikuwa nimetoka kuosha waru.

Nikamwambia anisubiri. Nikaingia jikoni, nikainyoosha mikono yote miwili juu ya jiko, nikaigeuzageuza mpaka ikapata moto. Niliporudi alikuwa bado ameshikilia shati juu kwa ule mkono wake mmoja mzima.